Mshipa wa Kuazima: Jinsi Sindano Ilivyokuja Kulinda Kazi ya Kisu

Hebu shusha mkono hadi kwenye kifundo cha mguu wako, upande wa ndani. Gusa mbele kidogo ya ule mfupa unaochomoza. Hapo, chini tu ya ngozi, inapita vena ndefu kuliko zote mwilini mwako. Inapanda upande wa ndani wa mguu, inapita kando ya goti, inafuata paja, kisha inazama kinenani. Madaktari wanaiita safena kubwa, jina lililoingia kwenye Kilatini cha tiba kupitia vitabu vya Kiarabu.

Vena hii ina sifa moja ya ajabu: inaweza kutolewa na mguu ukaendelea na maisha yake. Damu nyingi inayorudi kwenye moyo hupita kwenye vena nyingine zilizo ndani zaidi, katikati ya misuli. Kwa sababu hiyo, kwa zaidi ya miaka 70 sasa, safena imekuwa spea ya mwili. Tatizo ni kwamba spea zenyewe ni chache. Unayo moja kila mguu, na hakuna duka la kununua nyingine.

Leo nataka nikusimulie kisa cha hiyo spea: jinsi madaktari walivyojifunza kuihamisha, jinsi ilivyoanza kuwaangusha, na jinsi mtu mmoja ambaye hata hakuwa mpasuaji alivyofungua njia ya kuitengeneza bila kuupasua mguu upya. Kilichokuwa hatarini muda wote huo ni kitu kimoja tu: mguu wa mtu, kubaki au kukatwa.

Paris, 1948

Tuanze na tatizo lenyewe. Ateri ndiyo inayopeleka damu mguuni. Kwa mvutaji wa sigara, mwenye kisukari, mwenye presha au mtu aliyekula chumvi nyingi, mafuta na chokaa hujijenga ndani ya ateri mpaka njia inakuwa nyembamba. Mwanzoni mguu unauma ukitembea na unatulia ukisimama. Baadaye unauma hata usiku ukiwa umelala. Mwisho vidole vinageuka vyeusi, na donda ndugu linaingia. Kwa karne nyingi dawa ya hali hiyo ilikuwa msumeno.

Ili kuiruka ateri iliyoziba, kwanza ilibidi mtu ajue kushona mishipa ya damu bila kuiharibu. Mfaransa Alexis Carrel alichapisha mbinu yake mwaka 1902, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906, huko Madrid, José Goyanes alitumia vena ya nyuma ya goti kuchukua nafasi ya ateri iliyovimba. Lakini mambo mawili yalikuwa bado hayajakaa sawa. Damu iliganda kwenye mshono, na hakuna aliyeweza kuona ndani ya mguu wa mtu aliye hai kujua njia imeziba wapi. Suala la kuona lilipata jibu Lisbon, pale Reynaldo dos Santos alipopiga picha za eksirei za aota mwaka 1929 kwa kuingiza dawa ya picha kwenye damu. Suala la kuganda lilipata jibu kwa heparini, iliyogunduliwa mwaka 1916 na kuanza kutumika kwa binadamu katika miaka ya 1930.

Ndipo anaingia Jean Kunlin. Alikuwa akifanya kazi Paris chini ya bingwa mkubwa wa enzi hizo, René Leriche. Leriche aliamini kwamba kipande cha ateri kilichoziba kitolewe, na neva zinazobana mishipa zikatwe, ili njia ndogo za pembeni zipanuke zenyewe. Mwaka 1948 Kunlin alikuwa na mgonjwa ambaye matibabu hayo yalikuwa yameshindwa. Ateri ilikwishaondolewa, kwa hiyo hakukuwa na ncha nzuri za kuunganisha ana kwa ana. Kunlin akachukua safena, akaigeuza juu chini, akaishona ubavuni mwa ateri juu ya pale palipoziba, kisha tena ubavuni chini yake. Damu ikapita kando, kama gari linalokwepa daraja lililovunjika.

Kwa nini aliigeuza? Kwa sababu ndani ya vena mna vilango vidogo vinavyoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kuelekea kwenye moyo. Usipoigeuza, vilango hivyo vitaizuia damu inayoshuka.

Njia hiyo tuiite mchepuko. Najua umetabasamu. Siyo ule mchepuko unaoufikiria; huu unaokoa.

Mwaka 1962 Karl Victor Hall wa Norway alichapisha njia nyingine: kuiacha safena palepale ilipo, kuharibu vilango vyake kwa ndani, kisha kuunganisha ncha zake kwenye ateri. Faida yake ni kwamba upande mpana wa vena unabaki juu na mwembamba chini, sawa na ateri yenyewe. Hasara yake tutaiona mbele kidogo.

Vena ikipewa kazi ya ateri

Sasa jiweke kwenye nafasi ya hiyo vena. Maisha yako yote umebeba damu tulivu. Mtu akiwa amelala, shinikizo ndani ya vena ya mguu ni kama milimita 10 za zebaki. Ghafla unashonwa kwenye ateri yenye wastani wa karibu milimita 100, na kila pigo la moyo linakusukuma. Utafanyaje? Utajikaza. Ukuta wa vena unakuwa mnene, seli za misuli zinaongezeka, tabaka la ndani linajaa. Kwa kiasi fulani hiyo ni afya, kwa maana vena inajifunza kuwa ateri. Ila kuna mahali inapitiliza, hasa karibu na mshono au pale palipokuwa na kilango, na njia inaanza kufinyika.

Madaktari walikuja kuona kwamba michepuko hufa kwa misimu mitatu. Ikifa ndani ya siku 30 za mwanzo, mara nyingi kosa ni la ufundi: mshono mbaya, vena iliyojisokota, vena dhaifu tangu mwanzo. Kuanzia mwezi wa kwanza hadi kama miaka miwili, mkosaji mkuu ni huko kujaa kwa tabaka la ndani. Baada ya hapo ule ugonjwa wa mafuta na chokaa ulioiua ateri unaanza kuishambulia na vena.

Mwaka 1973 Emerick Szilagyi na wenzake wa Detroit walichapisha kazi iliyobadilisha mawazo ya wengi. Walikuwa wamewafuatilia wagonjwa kwa miaka na kuwapiga picha za mishipa tena na tena. Wakakuta kwamba michepuko mingi iliyoonekana kuwa mizima kwa nje ilikuwa na kasoro ndani. Mgonjwa anatembea, hana maumivu, mguu una joto, kumbe njia inazidi kufinyika. Siku moja damu inapungua kasi, inaganda, na mchepuko wote unafunga kwa mpigo.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Kurekebisha mfinyo mmoja wa sentimita moja ni kazi ndogo. Kufufua mchepuko mzima uliojaa damu iliyoganda ni kazi nyingine kabisa, na hata ukifaulu, mara nyingi haudumu. Kufungua mguu upya nako kuna gharama zake: kovu juu ya kovu, hatari ya maambukizi, nusu kaputi kwa mtu ambaye moyo wake pia ni mgonjwa, na kipande kingine cha vena kutoka kwenye ile akiba ndogo. Kulihitajika namna ya kuingia ndani ya mshipa bila kuupasua mguu.

Portland, 1964

Namna hiyo ilianza na bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu.

Charles Dotter alikuwa mkuu wa idara ya eksirei katika chuo cha tiba cha Oregon, Marekani. Wakati huo kazi ya mtu wa eksirei ilikuwa kupiga picha na kumkabidhi mpasuaji. Dotter hakuridhika. Mwaka 1963, alipokuwa akipitisha katheta kwa ajili ya kupiga picha, alitoboa bila kukusudia ateri ya nyonga iliyokuwa imeziba, na damu ikapita. Akajiuliza: kama katheta inaweza kufungua njia kwa bahati, kwa nini isifungue kwa makusudi?

Tarehe 16 Januari 1964 aliletewa yule bibi. Ateri ya paja lake ilikuwa na mfinyo mfupi, mguu una kidonda kisichopona, vidole vinaoza. Wapasuaji walishauri mguu ukatwe. Bibi akasema hapana. Dotter akapitisha waya mwembamba kwenye ule mfinyo, kisha katheta nyembamba juu ya waya, kisha nyingine nene zaidi juu ya ile ya kwanza. Hakukuwa na puto wala stenti, ni kupanua tu hatua kwa hatua, kama fundi anayezibua bomba. Mguu ukapata joto, maumivu yakaisha, kidonda kikapona. Bibi aliishi zaidi ya miaka miwili mingine, akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Dotter na mwenzake Melvin Judkins walichapisha matokeo yao mwaka huohuo. Wapasuaji wengi wa Marekani waliyapuuza, na wapo waliomwita Dotter kichaa. Mbinu ikavuka bahari na kushika mizizi Ujerumani, kwa watu kama Eberhard Zeitler.

Tusiwaonee wapasuaji, lakini. Mmoja wao, Thomas Fogarty, alikuwa tayari ametengeneza katheta yenye puto dogo kwenye ncha, na akaitangaza mwaka 1963. Unaipitisha ikiwa imenywea mpaka ng'ambo ya bonge la damu, unaijaza, kisha unaivuta itoke pamoja na bonge lile. Puto la kwanza alilitengeneza kwa kidole cha glavu ya mpira, akakifunga kwa mafundo ya wavuvi wa samaki. Mgonjwa alipasuliwa kidogo tu badala ya kuchanwa mguu mzima.

Puto la Zürich

Mawazo haya mawili, kupanua na puto, yaliunganishwa na Andreas Grüntzig, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Zürich. Puto la mpira laini halikufaa kwa kupanua, kwa sababu mpira huvimba upande ambao hauna upinzani na kuuacha mfinyo vilevile. Grüntzig akatafuta plastiki ngumu kiasi, ambayo ikijazwa inafika kipimo chake na kusimama hapo. Majaribio mengi aliyafanya jioni, jikoni kwake nyumbani. Mwaka 1974 alilitumia kwenye ateri za mguu, na mwaka 1977 kwenye moyo, hatua iliyompa umaarufu duniani kote.

Dotter naye hakuwa amelala. Mwaka 1974, yeye na wenzake walionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kupelekwa na katheta moja kwa moja kwenye bonge, kwa dozi ndogo kuliko ile ya kumwagwa mwilini mzima. Dotter, Judkins na Grüntzig wote walifariki mwaka 1985. Walikuwa wameacha vifaa vitatu ambavyo mchepuko unaougua ungevihitaji: waya wa kupita, puto la kupanua na katheta ya kupeleka dawa.

Kuutibu mchepuko bila kufungua mguu

Tuseme mgonjwa ana mchepuko wa miezi minane na umefinyika katikati. Inakuwaje?

Anapigwa ganzi kinenani, mwenyewe yuko macho na anazungumza. Sindano inaingia kwenye ateri, waya unapita ndani ya sindano, sindano inatolewa, waya unabaki. Ujanja huu wa kubadilishana ni wa Sven Seldinger wa Sweden, aliyeuchapisha mwaka 1953, na mpaka leo ndio mlango wa karibu kila tiba ya aina hii. Heparini inatolewa ili damu isigande. Chini ya eksirei daktari anapitisha waya kwenye mfinyo, kisha puto jembamba, mara nyingi la kipenyo cha milimita chache tu. Linajazwa na kushikiliwa kwa muda, kisha linanyweshwa. Picha inapigwa tena. Mara nyingi mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Ni rahisi kuliko kisu, ila vena ina ukaidi wake. Mfinyo wa ateri mara nyingi una mafuta na chokaa vinavyovunjika puto likijaa. Mfinyo wa vena ni nyama ya kovu inayovutika kama mpira, kwa hiyo unaupanua, unatoa puto, na wenyewe unarudi. Hii ndiyo sababu madaktari walianza kutumia maputo yenye shinikizo kubwa, na baadaye maputo yenye nyembe ndogo ubavuni, zinazokata kovu kwa mistari kabla ya kulipanua. Siku hizi yapo pia maputo yaliyopakwa dawa ya kupunguza kukua kwa seli.

Uzoefu ukaweka mipaka. Mfinyo mfupi, wa pekee, uliotokea miezi kadhaa baada ya upasuaji, huitikia puto vizuri. Mrefu, au uliojitokeza mapema mno, au mingi iliyofuatana, mara nyingi hufanya vizuri zaidi kwa kisu, yaani kushonewa kiraka au kuwekewa kipande kipya cha vena.

Na ile hasara ya njia ya Hall? Safena ikiachwa palepale, matawi yake nayo yanabaki. Tawi lisilofungwa huivusha damu ya ateri moja kwa moja hadi kwenye vena nyingine, na mguu wa chini unapunjwa. Zamani ilibidi kuchana ngozi kulitafuta. Siku hizi katheta inaweza kufika kwenye mdomo wa tawi na kuacha humo koili ndogo ya chuma. Damu inaganda juu yake, na tawi linafunga.

Kama mchepuko umeshaziba wote, katheta yenye matundu inalazwa ndani ya damu iliyoganda, na dawa inapitishwa kwa saa nyingi, pengine hata siku nzima au zaidi. Damu ikiyeyuka ndipo mfinyo uliosababisha yote unaonekana, na puto linafuata. Hatari yake ni kutokwa damu, hata kwenye ubongo mara chache. Tena tiba hii inahitaji muda, na mguu uliokwisha kupoteza hisia na nguvu hauna muda wa kusubiri.

Nani ajue mapema?

Kama mfinyo hauna dalili na kusubiri ni hatari, jibu linaonekana wazi: tuwapime wagonjwa mara kwa mara. Eugene Strandness na wenzake wa Seattle walisaidia kulifanya hilo liwezekane kwa mashine ya altrasaundi inayoonyesha mshipa na kasi ya damu kwa pamoja. Mahali penye mfinyo damu hukimbia zaidi, kama maji ya mpira wa bustani ukibana mdomo wake kwa kidole.

Wengi waliamini kwamba suala limekwisha. Kisha, mwaka 2005, yakatoka matokeo ya jaribio lililowagawa wagonjwa 594 kwa bahati nasibu: nusu walifuatiliwa kwa altrasaundi, nusu kwa kuchunguzwa na daktari tu. Baada ya miezi 18 hakukuwa na tofauti ya maana katika miguu iliyokatwa, ila kundi la altrasaundi liligharimu zaidi. Hapo ubishi ukaanza. Wapo waliosema vipimo havina faida, na wapo waliojibu kwamba wagonjwa wa jaribio walikuwa wenye hali nzuri kiasi, wenye mishipa hatarishi ndio wangefaidika. Hospitali nyingi bado zinapima. Ndivyo sayansi inavyokwenda: jambo linaloingia akilini vizuri bado lazima lipimwe.

Hata swali kubwa kuliko yote, kisu au sindano, halijafungwa. Mwaka 2022 jaribio la BEST-CLI, lenye wagonjwa zaidi ya 1,800, lilionyesha kwamba mwenye safena nzuri alifanikiwa zaidi akianza na mchepuko. Mwaka uliofuata jaribio la BASIL-2, kwa wagonjwa 345 wenye ugonjwa ulioshuka chini ya goti, likaonyesha kinyume: walioanza na sindano waliishi na miguu yao zaidi. Wagonjwa hawakufanana na njia hazikufanana, na wataalamu wanaendelea kuvutana.

Mimi naona historia yenyewe inadokeza kwamba swali tumeliuliza vibaya. Tangu siku za Dotter watu wamezipambanisha njia hizi mbili kama timu za mpira. Lakini kwa mgonjwa mwenye mchepuko, zinafanya kazi moja. Kisu kinajenga barabara mara moja, kwa kutumia mshipa ambao hautapatikana tena. Sindano inakuja kuitunza barabara hiyo mwaka hadi mwaka, bila kugusa akiba. Mchepuko wenye fundi wa matengenezo na mchepuko ulioachwa peke yake si kitu kimoja, hata kama siku ya kwanza vilionekana sawa.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye kisukari, muulize leo kama miguu inamuuma akitembea, na mwombe akuonyeshe vidole. Kila tiba niliyoisimulia hapa humkuta mtu ambaye bado ana mguu wa kuokoa, na yule bibi wa Portland alifika akiwa nao.